NYAMA WANAOBEBA WATOTO MU MFUKO



Kitabu chetu cha zoolojia kinawapa nyama wa mfuko nusu ya ukurasa tu, pamoja na picha moja ya kanguru aliyesimama. Kwa sababu hiyo mabishano ni mengi. Ku internati nimesikia mambo mawili ambayo wadogo wa klasi ya kwanza na ya pili wanayarudilia sawa Maandiko. La kwanza: ya kuwa hawa ni nyama wasiotimia, kazi ya Muumba iliyoachwa katikati. La pili: ya kuwa hata sisi tuko nao hapa Congo, kwa maana panya mkubwa wa pori, ule tunaokula, iko na mfuko. Yote mawili si kweli, na nitaeleza juu ya nini.

Tuanze na panya, kwa sababu ni jambo jepesi. Mfuko wake uko ndani ya mashavu. Ni mfuko wa chakula: anajaza ngazi, mahindi, vipande vya muhogo, kisha anakwenda kuvitapika ndani ya shimo lake na kuvilimbika. Mtoto hakai mule hata siku moja. Panya huyu anazaa sawa panya wote. Basi asiitwe tena nyama wa mfuko mbele ya profesa, mtapoteza pointi bure.

Leo mu Afrika nzima hakuna nyama wa mfuko hata mmoja anayeishi porini. Zamani sana walikuwapo: mu Misri, fasi inayoitwa Fayum, wachimbaji walikuta mataya na meno yao ndani ya mawe, ya nyama wadogo sawa panya. Walipotea mamilioni ya miaka mbele ya mtu wa kwanza. Ili kuwaona wazima inafaa kwenda Australia, Guinea Mpya na visiwa vya karibu, ao Amerika. Jumla yao inapita aina 330. Kama mbili kwa tatu ni za Australia na Guinea Mpya, zingine ni za Amerika. Kanguru ni mmoja tu katikati ya watu wengi wa jamaa ile.

Wenye elimu wanawaita marsupio, toka neno la Kilatini marsupium, maana yake mfuko mdogo wa kutia feza. Lakini jina linadanganya kidogo. Wako wasio na mfuko hata kidogo, na wengine wako na kunjo la ngozi tu tumboni. Alama yao ya kweli ni namna ya kuzaa, na hapa ninaomba tutulie kidogo, juu ya hii njo inaleta maneno yote.

Mnajua kobaye tunazofuga nyumbani. Kobaye mke anabeba mimba miezi miwili na zaidi, na mtoto anatoka na manyoya yake, macho wazi, siku ile ile anatembea. Kule tumboni kondo la nyuma lilimlisha kwa damu ya mama wakati wote. Sasa tazameni kanguru mwekundu, mkubwa kupita nyama wote wa mfuko. Dume anaweza kufika kilo 90. Mke wake anabeba mimba siku 33 tu. Mama wa kilo makumi mawili na zaidi anazaa mtoto asiyefika gramu moja, mrefu sawa haragi moja. Hana macho ya kuona, hana manyoya, miguu ya nyuma ni vijiti tu. Mikono ya mbele peke yake iko na nguvu na makucha.

Na yule mtoto, siku yake ya kwanza duniani, dakika ya kwanza, anapaswa kupanda mlima. Anashika manyoya ya tumbo la mama, mkono moja, kisha mwingine, sawa mtu anayeogelea, mpaka anafika mu mfuko. Mama hamshiki. Zamani watu walisema mama analamba njia ili kumwonyesha mtoto fasi ya kupita. Waliotazama vizuri wanasema anajisafisha tu, mtoto anapanda bila msaada wake. Dakika chache, kazi imekwisha. Ndani ya mfuko anatafuta chuchu, anaishika, na ile chuchu inavimba kinywani mwake hata hawezi kuiacha kwa majuma mengi. Anakaa mule karibu miezi 8. Kondo la nyuma wako nalo, lakini ni la siku chache na kazi yake ni ndogo. Kwao maziwa njo yanafanya kazi ile damu inafanya kwetu.

Hapa kuna jambo lililonishangaza kupita yote. Siku chache nyuma ya kuzaa, kanguru mke anapata mimba ingine. Lakini ile mimba mpya haikui. Inasimama ikingali chembe chache tu, inangoja. Wakati mtoto wa mfukoni anapokaribia kutoka, mimba inaamka na kuendelea. Kwa hiyo kanguru moja anaweza kuwa na watoto watatu kwa mara moja: mkubwa anayeruka pembeni na kuingiza kichwa mu mfuko ili anyonye, mdogo aliyeshikwa na chuchu, na yule anayengoja tumboni. Na wale wawili wanaonyonya hawanywi maziwa moja! Chuchu moja inatoa maziwa mepesi ya mtoto mchanga, na jirani yake inatoa maziwa yenye mafuta ya mkubwa. Mwili mmoja, saa ile ile, namna mbili za maziwa. Ndani ya fabriki za watu ingetakiwa mashini mbili na wafanyakazi wa zamu mbili.

Sasa fikirini inchi yenyewe. Katikati ya Australia mvua inaweza kukosa miaka. Ukame ukiuma na majani yakikauka, maziwa yanakatika, mtoto wa mfukoni anakufa. Ni huzuni, lakini mama hakupoteza nguvu nyingi juu yake, na ule mwingine yuko tayari anangoja. Swala wa kwetu akipatwa na njaa na mimba kubwa tumboni, anaweza kufa naye. Mimi siwezi kumwita nyama wa namna ile "asiyetimia". Kitabu kinasema "wa hali ya chini" kwa sababu walioandika walikuwa wakipima wote kwa kipimo cha mbwa na farasi wao.

Mifuko yenyewe si ya mtindo mmoja. Ya kanguru inafunguka juu. Wombati, nyama mnene mwenye miguu mifupi anayechimba mashimo marefu, mfuko wake unatazama nyuma, kusudi udongo usimwangukie mtoto wakati mama anachimba. (Wombati huyu anajulikana pia kwa mavi yake yenye pande sita, sawa vipande vya sukari. Si mzaha, inatoka na namna utumbo wake unavyokaza fasi moja na kulegea fasi ingine. Mwanafunzi wa klasi ya tatu aliyeniuliza kama ninamdanganya, jibu ndilo hili.) Mu mito ya Amerika ya Kusini kuna mmoja anayeishi majini, anaitwa yapoki. Mke akizama kutafuta samaki, mfuko unajifunga na maji hayaingii, watoto wako ndani wakavu. Na dume wake pia iko na mfuko, kitu ambacho ni haba sana kwa madume wa jamaa hii.

Koala, huyu wa picha za kalenda, si dubu, hata kama Wazungu wa kwanza walimwita hivi. Anakula majani ya mti wa kalipitusi, ule ule tunaopanda kwa kuni na mbao. Jaribuni kutafuna jani lake na mtaelewa: ni chungu, linauma ulimi, iko na sumu na chakula kidogo. Kwa hiyo koala anaishi kwa kupumzika. Analala mpaka saa 20 kwa siku. Mtoto wake hawezi kuanza kula majani bila viini vya kusaga chakula, basi mama anamtolea uji laini kutoka utumboni mwake, mtoto anaula, na vile viini vinahamia kwake. Wengi watatema mate wakisoma. Lakini bila uji ule mtoto angekufa na njaa juu ya mti wenye majani tele.

Wako na wadogo wa ajabu. Numbati anakula mchwa, mpaka 20,000 kwa siku, na anafanya kazi mchana. Yeye hana mfuko. Kuna mwingine anayekula maji ya maua na unga wake tu, uzito wake kama gramu 10, ulimi mrefu sawa brosi. Kuna anayeishi chini ya mchanga wa jangwa, kipofu kabisa, anaogelea mchangani sawa samaki. Mkimwona mtasema ni fuko wa mashamba yetu. Fuko mwenye mfuko, ndiyo! Tena kuna anayetanda ngozi iliyo kati ya mikono na miguu na kupita hewani toka mti mpaka mti, metre 50 hivi, kama yule nyama wa usiku wa pori letu ambaye wawindaji wanasema anaruka bila mabawa. Hawa wawili si ndugu hata kidogo. Fuko yetu na yule wa jangwa si ndugu pia. Kazi moja ilitengeneza umbo moja, huku na kule.

Wavulana wa internati walicheka waliposikia habari ya antekino, wakaacha kucheka nilipomaliza. Ni nyama mdogo sawa panya, anayekula wadudu. Mbele ya kufikisha mwaka mmoja, wakati wa kutafuta wake unafika, na madume wote wanaingia mu kazi ile majuma machache bila kupumzika. Homoni ya mahangaiko inajaa mwilini, kinga dhidi ya magonjwa inaanguka, tumbo linatoka damu. Wanakufa wote. Si wengi wao, ni wote. Majuma machache mu mwaka, pori linabaki na wanawake wenye mimba peke yao.

Wa Amerika nitawataja upesi. Oposumu wa Virginia, mkubwa sawa paka, anabeba mimba siku 12 ao 13 tu. Akishikwa na mbwa anaanguka ubavu, kinywa wazi, mate yanatoka, na harufu ya mzoga inatoka nyuma. Si ujanja wa kufikiri. Mwili unafanya wenyewe, na hata ukimchoma haamki mpaka saa yake. Na kule Chile na Argentina kuna mdogo anayeitwa nyani wa mlima katika Kispanyola, monito del monte, ingawa si nyani. Analala wakati wote wa baridi. Jambo lake kubwa ni kwamba damu yake iko karibu na ya wale wa Australia kupita ya jirani zake oposumu.

Namna gani? Bahari yote ile iko katikati! Wengine hapa wanauliza pia namna gani kanguru alifika kule nyuma ya gharika, na swali hili ninawaachia wapasta na walimu wa dini. Mimi ninaandika yale yanayoonekana ndani ya mawe. Zamani sana Amerika ya Kusini, Antarktika na Australia zilikuwa zimeshikana, na Antarktika ilikuwa na miti badala ya barafu. Mwaka 1982, ku kisiwa cha Seymour, karibu na Antarktika, walikuta mfupa wa taya la nyama wa mfuko. Mu Australia mifupa yao ya zamani inafika kama miaka milioni 55. Basi walipita kwa miguu, vizazi kwa vizazi, kisha inchi ziliachana na Australia ilikwenda peke yake na watu wake.

Wazungu waliwajua wamechelewa. Mwaka 1500 nahodha Vicente Yáñez Pinzón alishika oposumu mke pwani ya Amerika ya Kusini na kumpeleka mbele ya mfalme na malkia wa Hispania. Kanguru aliandikwa mwaka 1770, wakati merikebu ya James Cook ilipokuwa ikitengenezwa kaskazini ya Australia. Mmesikia hadithi ya kwamba Cook aliuliza jina na mwenyeji akajibu "kanguru", maana yake "sielewi unachosema". Ni hadithi tamu, hata mimi niliipenda, lakini ni uongo. Mu luga ya Guugu Yimithirr, ya fasi ile ile, gangurru ni jina la kanguru wa aina moja. Mwenyeji alielewa swali na alijibu vizuri.

Sasa habari ya yule aliyepotea.

Kulikuwa na nyama wa mfuko aliyefanana na mbwa: kichwa cha mbwa, meno ya mbwa, mkia mgumu, mistari myeusi mgongoni. Jina lake tilasini. Ku bara la Australia alikwisha kama miaka 3,000 iliyopita, lakini ku kisiwa cha Tasmania aliendelea kuishi. Waingereza walipoleta kondoo, walisema yeye njo anawamaliza. Toka mwaka 1888 mpaka 1909 serikali ya kisiwa ililipa paundi moja kwa kila mkubwa aliyeuawa, na shilingi 10 kwa mtoto. Walilipa mara 2,184. Kondoo wengine waliuawa na mbwa wa watu na kuibiwa na wezi, lakini mbwa na mwizi hawakuwekewa bei.

Tarehe 10 mwezi wa 7 mwaka 1936 sheria ya kumlinda ilitoka. Tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka ule ule, wa mwisho aliyejulikana alikufa ndani ya bustani ya nyama mu mji wa Hobart. Hesabuni: siku 59. Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, maneno yake yalikuwa sawasawa. Walioiandika hawakujua ya kwamba wanamlinda moja.

Hata mwili wake ulipotea. Watu walifikiri ulitupwa. Mwaka 2022 muze ya Tasmania ilitangaza kwamba ngozi na mifupa vilikuwa kwao siku zote, ndani ya kabati, na ya kuwa alikuwa mke. Ile ngozi ilizungushwa mu masomo ili wanafunzi waone tilasini ni nini. Watoto waligusa ngozi ya wa mwisho na hakuna aliyewaambia, kwa maana walimu wao nao hawakujua.

Wengine waliendelea kupotea. Wazungu walileta paka, na mbweha mwekundu kwa mchezo wa kuwinda. Nyama wadogo wa kule hawakumjua adui wa namna ile. Toka Wazungu walipokaa, mwaka 1788, Australia imepoteza aina zaidi ya 30 za nyama wa kunyonyesha, wengi wao wa mfuko. Bilbi, mwenye masikio marefu sawa sungura, walikuwa aina mbili, moja imekwisha. Kwa hiyo kule, wakati wa Pasaka, watu wengine wanatengeneza bilbi ya shokola badala ya sungura, na sehemu ya feza inasaidia kumlinda. Moto mkubwa wa mwaka 2019 na 2020 uliunguza makao ya wengi, na mwezi wa 2 mwaka 2022 serikali ya Australia iliandika koala wa majimbo ya mashariki kati ya nyama walio katika hatari ya kwisha.

Lakini msifikiri ya kwamba wao ni wa kuonewa tu. Mwaka 1837 watu walipeleka posumu mmoja wa Australia mu Nyuzilandi ili wapate manyoya ya kuuza. Walizaana kwa mamilioni, wanakula miti ya pori na mayai ya ndege, na leo serikali ya kule inawatega na kuwapa sumu. Nyama ni yule yule. Inchi njo ingine.

Nimalizie na yule ambaye jina lake linawaogopesha watu wa ibada: shetani wa Tasmania. Wazungu walimpa jina hili juu ya kelele yake ya usiku. Ni mweusi, mkubwa sawa mbwa mdogo, na meno yake yanavunja mifupa ya mzoga. Mama anazaa watoto 20 mpaka 30, kila mmoja sawa punje ya mchele, lakini chuchu ni 4. Wanne wa kwanza kufika wanaishi, wengine wanakufa siku ile ile. Tangu mwaka 1996 wanapatwa na kansere ya uso ambayo inaambukiza. Wakipigana wanaumana, na chembe za ugonjwa zinahama toka uso wa moja mpaka uso wa mwingine na kuota kule. Donda linakua mpaka nyama hawezi tena kula. Fasi zingine zaidi ya nusu yao wamekwisha.

Ili kuokoa mbegu yao, mwaka 2012 wenye elimu walichukua shetani 15 wazima na kuwapeleka ku kisiwa cha Maria, fasi ugonjwa haukufika. Walistawi vizuri sana. Lakini ku kisiwa kile waliishi pia pengwini wadogo, zamani walihesabiwa 3,000 wawili wawili, wanaotaga mayai chini. Mwaka 2021 ilitangazwa ya kwamba pengwini wote wa kisiwa wamekwisha. Shetani wako wazima, wanene, bila donda usoni. Wenzangu wa klasi ya sita wananiambia niache mambo haya nisome kwa ajili ya Egzameni ya Leta, na wako na haki. Lakini anayejua wangefanya namna gani pale ku Maria, aniandikie kwa nambari ijayo.

Kapita wa wanafunzi, klasi ya sita